Daftari la Wazazi

Walinijia Ijumaa jioni: Sista, kuna mbio za baiskeli Jumapili,
Fort Portal hadi Kyenjojo na kurudi,
tunahitaji mtu mwenye glavu.
Nikasema, mimi ni mkunga.
Wakasema, damu si ni damu?
Wakanipa fulana kubwa kama shuka na ahadi ya soda mbili.

Nikapanga sanduku juu ya meza ya kupimia wajawazito:
shashi, plasta, chupa nne za maji ya chumvi,
aidini iliyobaki robo,
mkasi wa kukatia vitovu, kwa sababu ni mkali
na sikuwa na mwingine.

Hawa hawalipwi. Yule mrefu ni fundi wa redio,
wa soksi nyekundu anafundisha hesabu kule Mugusu.
Rusoke huuza maziwa, madumu mawili nyuma tangu utotoni;
miguu yake imesomea mzigo.
Leo hana madumu. Mwepesi hivyo, nani atamshika?

Kona ya Kaihura ilimshika.
Usiku lori la ujenzi lilikohoa kokoto pale,
hakuna aliyefagia.
Nilisikia kabla sijaona. Si kishindo:
mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni,
kisha gurudumu likizunguka peke yake, tiki tiki tiki,
halina habari.

Lami ilikuwa imemmenya toka nyonga hadi kiwiko.
Mtulinga umeinuka chini ya ngozi kama kigingi cha hema.
Helmeti imepasuka kama kibuyu.
Yeye anatabasamu.
Msimwinue! niliwapigia kelele vijana wa bodaboda
waliokwisha kumshika makwapani, kwa huruma,
ile huruma inayovunja shingo.

Jina lako?
"Arobaini na mbili."
Si namba. Jina.
Kimya. Macho yakatafuta kitu nyuma ya kichwa changu.
Basi nikamuuliza kama aulizwavyo mgeni nyumbani kwetu:
Empaako yaawe?
"Araali," akajibu upesi, kama mtoto aliyeitwa kula.
Nikajua kuna mlango haujafungwa.

Ambulensi ilikuwapo. Nisiseme haikuwapo.
Ilikuwa inafuata mkia wa mbio, na simu ikalia:
kuna mama huko ndani, kwenye mashamba ya chai,
mtoto katanguliza mguu.
Dereva akanitazama. Waandaaji wakanitazama.
Nikahesabu pumzi za Araali, nikachungulia mboni zake, sawa kwa sawa,
nikasema: mfuateni mama.
Wapo waliosema nimependelea kazi yangu.
Labda.

Nikafungua leso kiunoni, nikamfunga mkono kifuani,
nikamtoa kokoto moja moja kwa mswaki mpya
naye akinguruma.
Pumua, nikamwambia. Pumua kwa mdomo. Usisukume.
Vijana wa bodaboda walicheka hadi wakakaa chini.
Naye akaanza kucheka; mtulinga ukamkataza.

Alifika kituoni kwa pikapu ya mchuuzi wa matoke,
kalala juu ya majani ya migomba,
mimi nimemshikilia kichwa kwa viganja viwili,
kila tuta nikilitukana kwa jina la aliyelijenga.
Sindano ya pepopunda ilikuwapo.
Ya maumivu iliisha Alhamisi.

Daftari la ajali hatuna. Nikafungua la wazazi.
Mstari wa mwisho, mwandiko wa mwenzangu, wino bado mbichi:
mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, mguu wa kushoto kwanza.
Chini yake nikaandika:
Jina: Rusoke Araali.
Mimba ya ngapi: nikapiga mstari.
Saa ya kufika: saba na dakika kumi.
Uzito: kilo sitini na moja, pamoja na vumbi.
Hali ya mama:
kalamu ikakaa hewani kidogo,
nikamgeukia pale kitandani, midomo inacheza,
nikaandika alichokuwa akisema:
anauliza amekuwa wa ngapi.